Udhibiti kwa mwendo katika michezo ya video

Udhibiti kwa mwendo katika michezo ya video ni namna ya kucheza gemu ambapo mchezaji huuongoza mchezo kwa kutikisa mkono, kuinamisha chombo alichoshika au kusogeza mwili mzima, badala ya kubonyeza vitufe vya pedi peke yake. Namna hii ilivuma sana kati ya miaka 2006 na 2012. Wakati huo kampuni tatu kubwa zinazotengeneza konsoli, yaani mashine za gemu zinazounganishwa na runinga, ziliitumia kuwavuta watu ambao hawakuwa wachezaji. Kampuni hizo ni Nintendo na Sony za Japani pamoja na Microsoft ya Marekani.

Juhudi hizo ziliwaingiza mamilioni ya watu wapya katika michezo ya video, lakini ziliwaudhi wachezaji wa siku nyingi, ambao waliona wamesahauliwa. Baada ya miaka michache wengi wa wale wageni waliondoka, na kampuni zikalazimika kurudi kwa wateja wao wa awali. Kwa sababu hiyo historia ya udhibiti kwa mwendo hutumika mara nyingi kama mfano wa tatizo la biashara yoyote: kumhudumia aliyekwisha kuja au kumtafuta ambaye hajaja.

## Makundi mawili ya wachezaji

Watengenezaji wa gemu wamezoea kuwagawa wateja wao katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wachezaji wakereketwa. Hawa hucheza kwa saa nyingi, hununua gemu kadhaa kila mwaka, hujifunza mbinu ngumu na hushindana wao kwa wao. Kundi la pili ni wachezaji wa kupitisha muda. Hawa hucheza kwa dakika chache, wakiwa na wageni nyumbani au wakisubiri usafiri, na hawapendi gemu inayohitaji kujifunza vitufe vingi.

Mgawanyo huu una kasoro. Mtu mmoja anaweza kuwa mkereketwa wa gemu za mpira wa miguu na asijali kabisa gemu za vita. Mwingine anaweza kucheza gemu nyepesi ya simu kila siku kwa miaka mingi na kuwa hodari kuliko yule anayejiita mkereketwa. Hata hivyo mgawanyo huo uliongoza maamuzi makubwa ya kampuni, na ndiyo maana ni muhimu kuufahamu.

## Jinsi unavyofanya kazi

Kuna njia kuu mbili za kutambua mwendo wa mchezaji.

Njia ya kwanza ni kuweka vihisi ndani ya chombo anachoshika. Kihisi cha kwanza hupima mabadiliko ya mwendokasi. Kinafanana na abiria ndani ya basi: dereva akifunga breki ghafla abiria husukumwa mbele, na akiondoa gari kwa nguvu abiria hulala nyuma. Kihisi hicho ni kidude kidogo ambacho sehemu yake "husukumwa" vivyo hivyo, na mashine ikahesabu mkono umekwenda upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Kihisi cha pili, kinachoitwa jairoskopu, hupima mzunguko, yaani mkono umejipinda kwa kasi gani.

Rimoti ya konsoli ya Wii ilikuwa pia na kamera ndogo ya mionzi ya infraredi katika ncha yake. Wengi walidhani kwamba kile kijiti cheusi kilichowekwa juu au chini ya runinga ndicho kilichoitazama rimoti. Ukweli ni kinyume chake. Kijiti kilikuwa kikitoa mwanga tu, na rimoti ndiyo iliyoutazama ili kujua imeelekezwa wapi. Kwa kuwa mshumaa nao hutoa mionzi ya infraredi, mishumaa miwili iliyowashwa kando kwa kando iliweza kufanya kazi ya kijiti hicho.

Njia ya pili ni kutumia kamera inayomtazama mchezaji asiyeshika kitu chochote. Kamera ya Kinect ya Microsoft ilirusha vitone vingi vya infraredi chumbani, ikapima umbali wa kila kitu kilichokuwa mbele yake, kisha programu ikakadiria mahali vilipo viungo vya mwili: kichwa, mabega, viwiko, nyonga na magoti. Kazi hiyo huchukua muda. Kamera ilipiga picha 30 kwa sekunde, na ukadiriaji ukaongeza ucheleweshaji mwingine, hivyo mtu aliweza kuona kwamba mwili wake wa runingani unamfuata kwa kuchelewa kidogo. Katika gemu ya dansi jambo hilo huvumilika. Katika gemu ya kupigana, ambapo mshindi na mshindwa hutenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde, halivumiliki.

## Historia

### Majaribio ya mwanzo

Wazo hili lilikuwapo kabla ya Wii. Mwaka 1989 kampuni ya Mattel iliuza nchini Marekani glavu iliyoitwa Power Glove, ya kutumika na konsoli ya Nintendo ya wakati huo. Haikuwa sahihi katika kusoma mwendo wa mkono, ikaondoka sokoni baada ya muda mfupi. Mwaka 2003 Sony ilitoa EyeToy, kamera ya konsoli ya PlayStation 2, iliyomwezesha mchezaji kujiona ndani ya runinga na kupunga mikono ili kugusa vitu vilivyochorwa.

### Wii

Mwanzoni mwa karne ya 21 Nintendo ilikuwa katika hali ngumu. Konsoli yake ya GameCube iliuza takriban milioni 21.7, ilhali PlayStation 2 ya Sony iliuza zaidi ya milioni 155. Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo kuanzia mwaka 2002, aliona kwamba kushindana na Sony na Microsoft kwa nguvu za mashine na uzuri wa picha ni kujichosha. Aliamua kuongeza idadi ya watu wanaocheza. Mwezi Septemba 2005, katika Maonyesho ya Gemu ya Tokyo, alionyesha kidhibiti chenye umbo la rimoti ya runinga. Kila mtu alijua namna ya kushika rimoti, hata yule aliyeogopa pedi yenye vitufe vingi.

Wii ilianza kuuzwa Marekani tarehe 19 Novemba 2006 kwa bei ya dola 249.99. PlayStation 3, iliyotoka mwezi huohuo, iliuzwa kwa dola 499 na 599. Picha za Wii hazikuwa na ubora wa wapinzani wake, lakini katika nchi nyingi ilikuja na gemu ya Wii Sports ndani ya boksi: tenisi, besiboli, bouling, gofu na ndondi. Mtu alirusha mkono kama anayepiga mpira, na mpira ukaenda. Baadhi ya wachezaji waliurusha kwa nguvu mno hadi rimoti ikawatoka mkononi, na mwezi Desemba 2006 Nintendo ikatangaza kubadilisha mikanda ya mkononi ipatayo milioni 3.2.

Wii Sports ilifikia nakala zaidi ya milioni 82. Gemu ya Wii Fit, iliyotoka Japani mwezi Desemba 2007 pamoja na ubao wa kusimamia unaopima uzito na mizani ya mwili, iliwavutia watu wazima waliotaka mazoezi. Kwa jumla Wii iliuza zaidi ya milioni 101.

### Move na Kinect

Mafanikio hayo yaliwafanya wapinzani waige. Mwezi Septemba 2010 Sony ilitoa PlayStation Move, fimbo yenye tufe linalong'aa kwenye ncha na kufuatwa na kamera. Mwezi Novemba mwaka huo Microsoft ilitoa Kinect kwa ajili ya Xbox 360, kwa bei ya dola 149.99. Katika siku 60 za kwanza Kinect iliuza vipande milioni 8, na hadi Februari 2013 ilikuwa imefikia milioni 24.

## Malalamiko ya wakereketwa

Lalamiko la kwanza lilihusu usahihi. Rimoti ya kwanza ya Wii haikuwa na jairoskopu, hivyo katika gemu nyingi ilitosha kutikisa mkono kidogo ukiwa umekaa kwenye kochi, na mashine ikahesabu kama pigo kamili. Aliyejifunza na asiyejifunza walipata matokeo yanayokaribiana. Kwa anayecheza kupitisha muda hilo ni jambo jema, kwa kuwa bibi na mjukuu wanaweza kucheza pamoja. Kwa mkereketwa ni kasoro, kwa sababu raha yake ni kuona ujuzi wake unahesabika. Nintendo ilitoa kifaa cha nyongeza chenye jairoskopu, MotionPlus, mwezi Juni 2009, lakini The Legend of Zelda: Skyward Sword, iliyokitegemea kikamilifu, ilitoka Novemba 2011, wakati Wii ilikuwa tayari inazeeka.

Lalamiko la pili lilihusu gemu zenyewe. Maduka yalijaa mikusanyiko ya vijigemu vilivyotengenezwa harakaharaka kwa kuiga Wii Sports, huku gemu ndefu zenye hadithi zikienda zaidi kwa PlayStation 3 na Xbox 360. Mwezi Juni 2011 mashabiki wa Amerika Kaskazini waliendesha kampeni iliyoitwa Operation Rainfall wakiiomba Nintendo iwaletee gemu tatu za Wii zilizokuwa zimetolewa Japani, mojawapo ikiwa Xenoblade Chronicles. Gemu hiyo iliwafikia mwezi Aprili 2012. Wateja hao walikuwa na fedha mkononi na walikuwa wakiomba kuuziwa.

Lalamiko la tatu lilihusu kulazimishwa. Mfano unaojulikana sana ni gemu ya Steel Battalion ya kampuni ya Capcom. Toleo la mwaka 2002 liliuzwa pamoja na kidhibiti kikubwa chenye vitufe vipatavyo 40, na wakereketwa walikipenda kwa sababu ya ugumu wake. Toleo la mwaka 2012, Heavy Armor, liliondoa vitufe hivyo na badala yake likamtaka mchezaji apunge mikono mbele ya Kinect. Kamera ilikosea mara kwa mara, mkono wa kuvuta dirisha ukasomwa kama wa kuvuta kitu kingine, na wahakiki wengi waliiponda gemu hiyo.

Hata hivyo si haki kusema kwamba Wii iliwatupa wakereketwa wote. Ilikuwa na gemu zilizosifiwa sana kama Super Mario Galaxy ya mwaka 2007. Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008 iliruhusu pedi ya zamani ya GameCube, na wengi walioshindana kwa dhati waliichagua pedi hiyo.

## Wageni walivyoondoka

Nintendo iliuza Wii milioni 25.95 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009. Katika mwaka ulioishia Machi 2012 iliuza milioni 9.84. Wengi walioinunua kwa ajili ya Wii Sports hawakuona sababu ya kununua gemu nyingine. Wakati huohuo simujanja zilianza kuenea, na gemu kama Angry Birds ya mwaka 2009 zilimpa mchezaji wa kupitisha muda alichokitaka bila kumdai anunue mashine.

Konsoli iliyofuata, Wii U ya mwaka 2012, iliuza milioni 13.56 tu. Wageni hawakurudi, na wakereketwa walikuwa wamezoea kwingine.

Microsoft nayo ilipata somo lilelile. Konsoli ya Xbox One ilitoka Novemba 2013 ikiwa na Kinect ndani ya boksi, kwa dola 499, wakati PlayStation 4 isiyo na kamera iliuzwa dola 399. Mwezi Juni 2014 Microsoft ilianza kuuza Xbox One bila Kinect kwa dola 399. Utengenezaji wa Kinect ya michezo ulikoma mwaka 2017.

## Hali ya Afrika Mashariki

Katika miji ya Tanzania, Kenya na Uganda michezo ya video ilienea zaidi kupitia mabanda ya gemu kuliko kupitia sebule za watu. Banda ni chumba chenye runinga kadhaa, mashine za PlayStation na benchi. Mchezaji hulipia mechi au muda, na mara nyingi anayefungwa humpisha mwingine. Gemu zinazotawala ni za mpira wa miguu: mfululizo wa FIFA, unaoitwa EA Sports FC tangu mwaka 2023, na Pro Evolution Soccer, uliobadilishwa jina kuwa eFootball mwaka 2021. PlayStation 2 iliendelea kutumika katika mabanda hata baada ya Sony kutangaza mwisho wa utengenezaji wake mwanzoni mwa mwaka 2013.

Udhibiti kwa mwendo haukupata nafasi katika mazingira hayo, na sababu zake ni za kawaida kabisa:

* Nafasi. Kinect ilihitaji mchezaji mmoja asimame takriban mita 1.8 kutoka kwenye kamera, na wachezaji wawili mita 2.4. Katika banda, nafasi hiyo hutosha benchi zima la wateja, na watu wanaopita mbele ya kamera wangeivuruga.
* Nishati. Pedi ya PlayStation 2 ina waya na haihitaji betri. Rimoti ya Wii ilitumia betri mbili ndogo, gharama ambayo mwenye banda angeilipa tena na tena.
* Gemu. Mteja wa banda hutaka mpira wa miguu. Pro Evolution Soccer ya Wii ya mwaka 2008 ilimwezesha mchezaji kuelekeza rimoti kwenye runinga na kuonyesha kila mwanasoka akimbilie wapi, lakini ujuzi huo haukumsaidia mtu aliyezoea pedi, wala hakuwa na wa kushindana naye mtaani.

Kuna sababu nyingine ya ndani zaidi. Mgawanyo wa wakereketwa na wachezaji wa kupitisha muda hauna nguvu bandani. Mtoto anayecheza kwa mara ya kwanza na kijana asiyefungika hukaa benchi moja, hulipa kiasi kilekile na hutumia pedi ileile. Mgeni hujifunza kwa kutazama akisubiri zamu yake, na mara nyingi waliokaa pembeni humwelekeza. Nintendo ilitengeneza kidhibiti kipya ili kuondoa woga wa vitufe. Bandani kazi hiyo hufanywa na watu. Ni kweli kwamba mabanda yana upande wake mbaya, na wazazi na walimu wamelalamika mara nyingi kuhusu wanafunzi wanaotoroka shule kwenda kucheza. Lakini ndiyo yaliyolea ushindani wa gemu katika eneo hili. Wapo pia waliofika mbali kwa pedi: Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018.

Vijijini hali ni tofauti. Banda linahitaji umeme wa uhakika, na maeneo mengi yamechelewa kuupata. Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Mkoa wa Rukwa, kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa, na mji wa Mpanda ulitegemea jenereta za dizeli. Katika kata za mbali na mji huo, kama Kasansa katika Wilaya ya Mlele, chombo kinachoweza kumfikishia mtu gemu kwa urahisi ni simu, kwa sababu inaweza kuchajiwa hata kwa paneli ndogo ya jua.

Ni kupitia simu kwamba udhibiti kwa mwendo uliwafikia watu wengi wa Afrika Mashariki, bila wao kuuita kwa jina hilo. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakicheza gemu ya nyoka ya simu za Nokia, iliyoanza mwaka 1997 na kuongozwa kwa vitufe. Simujanja zilikuja na kihisi cha mabadiliko ya mwendokasi cha aina ileile iliyokuwa ndani ya rimoti ya Wii. Katika gemu ya Temple Run, iliyoanza kutumika kwenye simu za Android mwaka 2012, mchezaji huinamisha simu kushoto au kulia ili mkimbiaji aokote sarafu. Katika gemu nyingi za magari simu yenyewe hushikwa na kupindwa kama usukani.

## Matumizi nje ya burudani

Hospitali na nyumba za wazee katika nchi kadhaa zilitumia Wii kuwasaidia wagonjwa kufanya mazoezi ya viungo. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini matokeo yamekuwa ya wastani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 141 waliopata kiharusi, ulilinganisha mazoezi ya Wii na burudani za kawaida kama karata na bingo. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya mkono, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kinect nayo ilipendwa na watafiti wa roboti kwa sababu ilikuwa kamera ya bei nafuu inayoweza kupima umbali.

## Urithi

Udhibiti kwa mwendo haukutoweka. Konsoli ya Nintendo Switch, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017 na kuuza zaidi ya milioni 150, ina vihisi vya mwendo katika vidhibiti vyake, lakini ina pia vitufe vyote vya pedi ya kawaida. Anayetaka mazoezi anayo Ring Fit Adventure ya mwaka 2019. Anayetaka gemu ndefu anaweza kucheza akiwa amekaa. Katika gemu za Splatoon wachezaji wengi wanaoshindana hutumia jairoskopu kulenga shabaha, kwa sababu hapo mwendo mdogo wa mkono huongeza usahihi. Sony nayo iliitumia tena fimbo ya Move katika miwani yake ya uhalisia pepe ya PlayStation VR, iliyotoka mwaka 2016.

Katika mifano hiyo yote mwendo umebaki pale unapomsaidia mchezaji kufanya jambo vizuri zaidi kuliko kitufe. Kinachobadilika ni kwamba mchezaji, awe mgeni au mkereketwa, ameachiwa achague mwenyewe.